Shamba Linalopangwa Mjini

Chukua sahani ya zege, ile chips mayai inayouzwa hadi usiku wa manane kuanzia Manzese mpaka Mbagala, uifuatilie ilikotoka. Viazi vimeshuka kutoka Njombe, Makete au Mbeya vikiwa kwenye magunia ya lumbesa, yaliyoongezewa kilemba juu ili mkulima alipwe gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Mayai ni ya kuku wa kisasa wanaofugwa pembezoni mwa jiji, nao wamelishwa mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa Mwanza. Mafuta ya kukaangia, kama si alizeti ya Singida, ni mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia au Indonesia. Mkaa umechomwa Pwani, Morogoro au Lindi. Nyanya za kachumbari huenda zimetoka Ilula, lakini ile nyekundu ya chupa inayomwagiwa juu mara nyingi haijawahi kuonana na nyanya ya Ilula. Mlaji anamaliza kwa dakika kumi, anashushia na soda, anaondoka.

Ndani ya sahani hiyo yamo karibu maswali yote ya kilimo endelevu katika Afrika Mashariki: udongo wa nyanda za juu, misitu, samaki wa ziwani, fedha za kigeni, mizani ya sokoni. Ajabu ni kwamba ikiitishwa semina ya kilimo endelevu, muuza chips haalikwi, wala mteja wake. Anaitwa mkulima. Anafundishwa matandazo, samadi, mazao mchanganyiko na kupumzisha ardhi. Anasikiliza, anarudishiwa nauli yake, na msimu ukifika analima kile ambacho lori litakuja kukichukua.

Tunalihoji shamba juu ya uamuzi uliokwisha kufanyika jikoni. Na uamuzi huo wa jikoni, hasa wa jiko la mjini, hautokani na ujinga wa lishe kama wataalamu wanavyopenda kudhani. Unatokana zaidi na mambo mawili: muda wa kupika na bei ya moto. Chakula kinachoiva haraka ndicho kinachopata soko, na chenye soko ndicho kinachopata ardhi, maji na mbolea. Mengine yote, ladha, heshima na matangazo ya biashara, yana nguvu, ila yanakuja baada ya hayo.

Maarifa ya kulima bila kuua ardhi tunayo tangu zamani. Wamatengo wa Mbinga wanachimba ngoro kwenye miteremko mikali, mashimo yenye kingo za udongo uliofukiwa nyasi, na mvua za milimani zimeshindwa kuwachukulia udongo kwa vizazi vingi. Kihamba cha Wachagga kina miti juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na ng'ombe zizini anayerudisha samadi. Kile cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, walionyesha kwamba desmodi ikipandwa katikati ya mahindi na majani ya tembo yakizungushwa pembeni, funza wa mabua na kiduha hupungua sana bila dawa. Hakuna hata moja kati ya haya lililo siri. Lakini vihamba vinakatwa vipande kwa urithi, kahawa imeyumba, na vijana waliopaswa kubeba samadi wako Moshi mjini au Dar es Salaam, wakila zege.

Idadi ya walioko mijini imebadilika kwa kasi ambayo sera zetu za kilimo bado hazijaizoea. Sensa ya 1967 iliikuta Tanzania Bara na Visiwani na watu milioni 12 na ushei, na kati ya kila 100 takribani 6 tu waliishi mijini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu 35 katika kila 100 ni wa mjini. Dar es Salaam peke yake ina watu zaidi ya milioni tano. Mtu aliyeko kijijini hula sehemu kubwa ya anacholima, hata kama hakipendi. Wa mjini hununua kila tonge, na kila anaponunua anaelekeza shamba la mtu asiyemjua.

Tuingie jikoni kwake. Ni chumba kimoja cha kupanga, au chumba na sebule, Tandale, Kawangware au Kisenyi. Mama wa familia, naye ana kibarua chake, anarudi saa moja jioni baada ya foleni. Watoto wana njaa. Maharage makavu yanataka saa mbili hadi tatu za moto kama hayakulowekwa, na kuloweka kunataka mtu aliyekumbuka jana. Mkaa ananunua kwa kopo, bei yake ikiwa juu kuliko ya anayenunua gunia zima. Kande ndiyo kabisa: mahindi na maharage kwa pamoja vinaweza kumaliza mkaa wa siku mbili. Umeme upo, lakini mita ya luku ni ya pamoja, na mwenye nyumba kakataza jiko la umeme kwa sababu wapangaji wengine watagomba. Sasa mshauri wa lishe anapomwambia mama huyu apike kunde, mtama usiokobolewa na mboga za asili, anamwongezea saa mbili za kazi na kopo mbili za mkaa, halafu anamlaumu kwa kutosikia.

Wali unaiva kwa nusu saa. Tambi dakika kumi. Mkate hauhitaji moto wowote. Maandazi na chapati ameshapika jirani, na ukinunua unalipia sehemu ndogo tu ya moto uliotumika. Ukipanga vyakula kwa dakika za moto badala ya vitamini, utaona orodha ya vinavyoongezeka mijini imejipanga yenyewe.

Kenya inatoa ushahidi mzuri kupitia kiazi. Aina inayoitwa Shangi ndiyo iliyotawala mashamba ya Nyandarua, Nakuru na Meru, ingawa watafiti wamekuwa wakihangaika na kasoro zake: inachipua upesi, haikai ghalani, hivyo wakulima wanalazimika kuuza wote kwa wakati mmoja na bei inaporomoka. Kwa nini basi wanaing'ang'ania? Inakomaa haraka shambani na inaiva haraka jikoni. Mama wa Nairobi na muuza chips wake wamechagua mbegu ya mkulima wa Ol Kalou bila kukutana naye. Januari 2022 ilipotokea kwamba migahawa ya KFC nchini Kenya imeishiwa chips kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini kasheshe lile liligusa sehemu ndogo ya hadithi. Vibanda vya mitaani vilikuwa vinakaanga viazi vya nyumbani siku zote, tena bila uhaba. Kilichokuwa kinatoka mbali zaidi ni mafuta.

Mafuta ya kula ndiyo sura ya wazi kabisa ya tatizo hili. Kukaanga ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kukipa chakula cha bei nafuu ladha na shibe, ndiyo maana jiji linakaanga: viazi, mihogo, samaki, maandazi, sambusa, kuku. Mwishoni mwa muongo uliopita serikali ya Tanzania ilikuwa ikitaja mahitaji ya tani 570,000 hivi kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake ilitoka nje. Indonesia iliposimamisha kuuza mawese yake nje kuanzia tarehe 28 Aprili 2022, kwa muda usiofika hata mwezi, mama lishe wa Afrika Mashariki walilijua jambo hilo kabla ya wachumi wengi, kwa kuangalia kipimo cha muuza duka.

Mchikichi wenyewe ni mti wa Afrika. Miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848 ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la mashamba makubwa ya Asia. Kigoma imekuwa ikikamua mawese kwa mikono kizazi baada ya kizazi, huku mafuta ya uzao wa miche ile yakishuka bandarini Dar es Salaam kwa meli. Tangu 2018 serikali imesukuma upandaji mpya wa michikichi Kigoma, Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu, akilisimamia jambo hilo mwenyewe, na mbegu zikizalishwa katika kituo cha Kihinga. Naliunga mkono, lakini kwa woga kidogo. Asia imetufundisha kwamba mchikichi ukifuata bei ya mafuta bila mpaka, unaingia msituni. Kigoma ina misitu, na katika misitu hiyo wamo sokwe wa Gombe na Mahale. Kujitosheleza kwa mafuta kwa kufyeka miombo ya magharibi itakuwa kuhamisha hasara kutoka mfuko wa hazina kwenda mahali ambapo haitahesabiwa.

Ngano ilitupitisha njia hiyo hiyo zamani, na inashangaza jinsi tulivyoisahau. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye uwanda wa Basotu, Hanang'. Yalikuwa mashamba ya matrekta, mbegu bora na wataalamu wa kweli, chini ya shirika la NAFCO. Ardhi iliyochukuliwa ilifika ekari 100,000, na ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilipanda hadi Mahakama ya Rufani katikati ya miaka ya 1980, na wanakijiji hawakurudishiwa ardhi. Kanada ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba yakayumba, mengine yakabinafsishwa. Leo sehemu kubwa ya ngano inayosagwa Tanzania na Kenya hutoka nje, na ndiyo maana vita vya Urusi na Ukraine mwaka 2022 vilipunguza ukubwa wa andazi la Buguruni. Mradi ule ulipimwa kwa magunia kwa ekari, na kwa kipimo hicho haukuwa mbaya. Hakuna aliyeuliza kwa nini jiji lilianza kutaka mkate, wala kama kulikuwa na kitu kingine kingeweza kuliwa asubuhi na mtu anayewahi basi.

Mchele una hadithi ndefu zaidi, na hapa lazima nipunguze ukali dhidi ya neno kisasa. Watu wa pwani wamekula mchele usioota kwao kwa muda mrefu. Zanzibar ya karne ya 19 iligeuza ardhi yake kuwa mikarafuu na kuagiza chakula kwa majahazi, na mpaka leo mchele wa Asia unashuka Malindi, Unguja, kuelekea majikoni yanayojivunia pilau kuwa chakula cha asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Karume ilijaribu dawa kali: ikabana uagizaji wa mchele na kuwataka wananchi wale mihogo, ndizi na majimbi ya visiwani. Kwa hesabu za kilimo endelevu ilikuwa sera safi. Kilichobaki katika kumbukumbu za wazee ni foleni, na baada ya kifo cha Karume mwaka 1972 serikali ya Aboud Jumbe ililegeza kamba. Sijaona mahali ambapo mlo umebadilishwa kwa katazo ukakaa.

Bara, mchele wa mjini unalipiwa kwa maji ya Ruaha Mkuu. Bonde la Usangu, Mbarali, ndilo ghala la wali wa Dar es Salaam, pamoja na Kilombero na Kyela. Shamba la serikali la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, Kapunga likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuzunguka mashamba hayo wakulima wadogo wakachimba mifereji yao kwa maelfu ya majaruba. Mwaka 1993, kwa mara ya kwanza kukumbukwa, mto ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, viboko wakirundikana kwenye madimbwi ya tope. Mto huo ndio unaojaza Mtera na Kidatu, mabwawa yaliyobeba umeme wa taifa kwa miongo mingi, kisha unaingia Rufiji, lilipo bwawa jipya la Julius Nyerere.

Wakati wa kutafuta mchawi, waliondolewa wafugaji. Operesheni ya 2006 hadi 2007 ilitoa ng'ombe wengi sana Usangu na kuwasukuma kusini, na migogoro ikahamia Lindi na Pwani pamoja nao. Ilhali tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwisha kuonyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka ni maji yanayochepushwa kwenye mifereji wakati wa kiangazi. Mfugaji alikuwa rahisi kumwona. Mla wali wa Sinza haonekani kutoka kinamasi cha Ihefu, Usangu.

Suluhisho la kiufundi lipo, linaitwa kilimo shadidi cha mpunga: miche michanga, nafasi pana, jaruba linaloachwa likauke kidogo kati ya mwagilio mmoja na mwingine. Maji yanapungua na mavuno mara nyingi yanapanda. Wakulima wa Mkindo, Morogoro, wamekuwa mfano wake. Tatizo ni palizi, kwa sababu jaruba lisilojaa maji linaota magugu, na palizi ni kazi ya mikono, mara nyingi ya wanawake. Kwa hiyo hata hapa swali la muda linarudi, safari hii shambani. Kila mbinu inayookoa maji au udongo inadai saa za mtu fulani, na semina nyingi hazimlipi mtu huyo.

Kuku ni suala dogo kwa ukubwa lakini linanisumbua kuliko mengine. Mjadala wa dunia kuhusu chakula endelevu umejaa wito wa kupunguza nyama, na kwa Mmarekani anayekula zaidi ya kilo 100 kwa mwaka wito huo una maana. Mtu wa Afrika Mashariki hafikii hata robo ya hiyo. Tume ya EAT-Lancet ilipotoa mwaka 2019 mlo wake bora kwa afya na sayari, wachumi walipiga hesabu wakakuta zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani hawawezi kuumudu. Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana wa Kariakoo aache kipaja cha kuku wake wa wikiendi. Ninachouliza ni kuku huyo amekula nini. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, inasagwa kuwa chakula cha mifugo. Samaki anayeliwa mzima na mifupa yake, mwenye protini na kalisi nyingi kuliko karibu chochote ambacho maskini anaweza kununua kwa kopo, anapitishwa tumboni mwa kuku kwanza, na njiani sehemu kubwa ya lishe yake inapotea.

Na sababu yake kwa kiasi kikubwa ni mchanga. Dagaa wanaoanikwa ufukweni chini huchanganyika na mchanga, mvua ikinyesha wanaoza, na mpishi anachukua nusu saa kuwachambua na kuwaosha mara tano. Wanunuzi wa viwanda vya chakula cha kuku hawajali mchanga sana. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja ni safi, wanapikika haraka na bei yao ni ya juu, ila vichanja vinahitaji mtaji ambao mwanamke anayenunua ndoo mbili mwaloni hana. Hapo unaweza kuona kwamba samaki ataliwa na mtoto au na kuku kutegemea nyavu na miti michache iliyosimikwa ufukweni.

Katikati hapo, kati ya shamba na sahani, ndipo penye kazi ambayo haikufanyika. Ilula hulima nyanya nyingi kiasi kwamba msimu ukikolea matenga huozea kando ya barabara kuu, huku kopo za nyanya kutoka China zikiuzwa dukani hapo hapo. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Tunapozungumzia upotevu wa chakula tunapenda kunukuu takwimu za dunia, kwamba mwaka 2022 zilitupwa zaidi ya tani bilioni moja na sehemu kubwa ikitoka majumbani. Kwetu bado chakula kingi kinakufa kabla ya kumfikia mwenye kukitupa.

Na si kwamba mlima chakula anashiba. Utafiti wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa Tanzania wana udumavu. Mkoa ulioongoza ni Iringa, karibu 57 kati ya 100. Njombe na Rukwa zikafuatia zikiwa karibu na nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Shamba limeuzwa mjini, mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anashinda na uji mwepesi wa sembe. Kenya kwa upande wake imepunguza udumavu hadi 18 kwa 100, lakini utafiti kama huo wa 2022 ulikuta 45 kati ya kila wanawake 100 watu wazima wana uzito uliozidi. Mfumo mmoja wa chakula unazalisha matatizo yote mawili, wakati mwingine ndani ya nyumba moja, na muda wa mama unaonekana katika yote mawili.

Ukikubali kwamba muda na moto ndivyo vinavyoamua, unaanza kutafuta majibu mahali pengine. Addis Ababa ni jiji la mamilioni ambalo bado linakula nafaka yake ya asili, teff, kila siku. Injera inahitaji kinyunga kilale siku mbili tatu, na kuichoma kunataka sahani kubwa na moto mwingi. Kama kila familia ingelazimika kuipika, ngano ingekwishashinda. Lakini wapo wanawake ambao kazi yao ni kuoka injera na kuiuza ikiwa tayari, na familia ya mjini inanunua tu. Serikali nayo ilizuia mwaka 2006 kuuza nje nafaka ya teff ili bei isiwashinde wenyeji, ikaruhusu kuuza injera iliyookwa. Mkulima wa teff ana soko mlangoni kwa sababu mtu mwingine ameubeba ule muda.

Nairobi nayo imefanya kitu kama hicho, bila kukipa jina. Jioni katika mitaa mingi unakuta sufuria kubwa la maharagwe au githeri iliyokwisha kuchemshwa, inauzwa kwa kikombe. Mnunuzi anaenda kuunga kwa kitunguu na nyanya, dakika kumi na tano. Mama mboga anakukatia sukuma wiki na managu papo hapo, ukifika nyumbani unaosha na kutia sufuriani. Ndiyo maana mboga za asili zilizokuwa zimedharauliwa kuwa za maskini, managu, terere, saga na kunde, zilirudi mezani mpaka kwenye supamaketi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alizitetea kwa miongo kadhaa kwa utafiti wa mbegu na lishe, na ana sifa zake za haki. Ila pasipo kisu cha mama mboga, naamini utafiti ule ungebaki maktaba.

Mtama unaonyesha upande wa pili. Kwa ugali wa kila siku umeshindwa na mahindi, kwa sababu kuukoboa ni kazi na unga wake ukipatikana dukani huwa ghali, umegeuzwa chakula cha wenye kisukari na wenye gari. Uliofika mjini kwa wingi umefika kama bia. Nchini Kenya, bia ya Senator Keg iliwapa wakulima wa mtama soko la uhakika. Serikali ilipoipandishia ushuru mwaka 2013 mauzo yakaanguka na wakulima wakaachwa na magunia. Mkulima yule yule aliyekuwa haambiliki kuhusu mazao yanayostahimili ukame aliyalima bila semina mara alipotokea mnunuzi, na akayaacha mnunuzi alipoondoka.

Moto wenyewe unabadilika. Makadirio ya Benki ya Dunia ya 2009 yaliweka nusu ya mkaa wote wa Tanzania kwenye majiko ya Dar es Salaam. Sasa upo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye shabaha ya kufikia watu 80 kati ya 100 ifikapo 2034. Mitungi ya gesi ndiyo inayoonekana zaidi kwenye picha za uzinduzi. Mimi ningetazama zaidi sufuria la presha la umeme, kwa sababu linapika maharage kwa chini ya uniti moja na halihitaji mtu wa kuchochea. Gesi haibadilishi mpangilio wa vyakula: tambi bado zitaiva kabla ya maharage, na mtungi unaonuka kuisha hukufanya uchague tambi. Chombo kinachofanya maharage yawe nafuu kama wali kinamgusa mkulima wa Kigoma na Kagera kuliko ruzuku nyingi za mbolea. Linalokizuia ni bei ya kwanza, na ile luku ya pamoja. Sheria ya upangaji ingeweza kufanya kwa kilimo kazi ambayo hakuna Wizara ya Kilimo iliyowahi kuifikiria.

Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni majiko makubwa. Tangu 31 Januari 2024 taasisi za Tanzania zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kutumia kuni na mkaa, hivyo shule, magereza na hospitali zinalazimika kununua majiko mapya hata kama hazikutaka. Nairobi ilianzisha mwaka 2023 mpango wa Dishi na County, mzazi analipa shilingi tano na mtoto anapata chakula cha mchana kutoka jiko la pamoja linalohudumia shule nyingi. Katika jiko la namna hiyo, saa tatu za maharage zikigawanywa kwa maelfu ya sahani hazigharimu kitu, na kile kikwazo kilichoiondoa kunde nyumbani hakipo. Kwa hiyo anayeandika zabuni ya chakula cha shule ana uhuru ambao mama wa Tandale hana. Anaweza kuagiza dona badala ya sembe, dagaa wa vichanja, mpunga wa skimu inayofuata kilimo shadidi, mtama mara mbili kwa wiki, na akamtangazia mkulima kiasi anachotaka kabla ya mvua za kwanza. Zabuni nyingi bado zinataja mchele, sembe, maharage na mafuta, bila kusema ya aina gani wala ya wapi, na mshindi ni mwenye bei ya chini.